Konfinema bila unga: nani analipa chakula mji ukifungwa?



Wiki jana mu grupe yetu mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo lilipita bila kusikilizwa, juu wengine walikuwa wangali wanabishana mpira: «Kama ugonjwa mukubwa unarudi kesho na gavana anafunga mji, nani analipa unga?» Mmoja alijibu «PAM». Mwingine «Mungu». Mimi nikaandika «budjeti ya provinsi», na nikapata vicheko kumi na kimoja. Vicheko hivyo ninavielewa. Lakini vina sababu, na sababu zenyewe zimeandikwa katika sheria na katika hesabu. Nimeona bora nizieleze polepole. Wale waliosoma droit na ekonomi watanisahihisha mahali nitakapoteleza.

Tuanzie nyumbani. Wengi wetu tulikuwa Lubumbashi mwezi wa 3 mwaka 2020. Mnakumbuka: gavana wa Haut-Katanga alifunga mji mzima masaa 48, Jumatatu tarehe 23 na Jumanne tarehe 24, baada ya abiria wa ndege iliyotoka Kinshasa kushukiwa kuwa na virusi vya korona. Siku mbili tu. Kwa nyumba yenye frigo na gunia la unga nyuma ya mlango, siku mbili ni kama kongé. Mu mtaa wetu kulikuwa na mama mmoja ambaye anauzisha makala kwa vifuko. Asubuhi anauzisha, mchana anahesabu, jioni anapita ku soko kununua meka moja ya unga, mafuta ya kupima na kapenta kidogo. Hana stock ya kitu chochote, hata ya makala yenyewe. Siku iliyotangulia kufungwa, bei ya meka ilipanda kati ya asubuhi na jioni, na yeye alikuwa na pesa ya bei ya asubuhi. Jumatatu watoto walikula bukari na chumvi. Jumanne walikunywa chai bila kitu. Jioni hiyo shefu alipita nyumba kwa nyumba na kayé: watu wangapi, watoto wangapi, nani ana mimba, nani mzee. «Ni kwa ajili ya msaada wa chakula, ukija.» Mama akataja majina yote, akarudia tahajia ya jina la mtoto wa mwisho ili lisiandikwe vibaya.

Msaada haukuja. Simlaumu shefu, yeye alitumwa, na kayé aliinunua kwa pesa yake. Ninachotaka kueleza ni kile kilichokuwa nyuma ya kayé ile, ama tuseme kile ambacho hakikuwa nyuma yake.

Mnaweza kusema masaa 48 ni kidogo, hakuna aliyekufa njaa. Ni kweli. Basi tuangalie Kinshasa, juma hilo hilo. Tarehe 26 Machi gavana wa mji ule, Gentiny Ngobila, alitangaza konfinema ya jumla: siku nne mji umefungwa, siku mbili wazi ili watu wanunue chakula, kisha kufunga tena. Ilipaswa kuanza tarehe 28. Watu wakakimbilia masoko, bei zikaruka, na kabla siku ya kwanza haijafika mpango wote uliahirishwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa hizo hizo: bei na hofu ya usalama. Mahali pake ikaja konfinema ya komini ya Gombe peke yake, kuanzia tarehe 6 Aprili. Gombe ni ofisi, benki na wizara. Wenye kulala pale ni wachache ukilinganisha na Masina ao Ngaba. Hapa mimi huwa ninasimama kidogo. Madaktari hawakuwa wamebadilisha mawazo kati ya tarehe 26 na 28. Soko njo lilibadilisha. Uamuzi wa afya wa mji wa mamilioni ya watu uliangushwa na bei ya chakula kwa siku mbili, juu hakuna mtu mwenye mamlaka aliyeweza kusema: «Bakieni nyumbani, unga tutawaletea.»

Mfano mwingine unatoka upande wa ndugu zetu wa Beni, Butembo na Mangina, na ndio unaonifundisha zaidi. Ebola ya 10 ilitangazwa Nord-Kivu tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Kwa kila mgonjwa kuna watu waliomgusa, waliolala naye, waliomsafisha, waliomzika. Hao wanaitwa kontakti. Kila kontakti anafuatwa siku 21, anapimwa joto kila siku, na anaombwa asitembee mbali. Timu ziliandika kontakti 250,000 hivi katika ugonjwa ule mzima. Sasa mjiweke mahali pa kontakti mmoja: kijana wa moto-taksi, ama mama mwenye shamba la kakao upande wa Mangina. Unamwambia abaki karibu na nyumba siku 21. Atakuuliza swali moja tu, na si la virusi.

PAM, yaani shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, iliwapa chakula kontakti na wagonjwa waliopona pamoja na familia zao, kusudi wasilazimike kwenda mbali kutafuta. Ule mfuko wa unga ulikuwa unafanya kazi sawa na termometa. Kontakti mwenye chakula anapatikana nyumbani timu ikifika. Kontakti mwenye njaa yuko ku soko, ku shamba, ku barabara ya Butembo, na kama virusi viko ndani yake, vinasafiri naye. Ndiyo maana ninakataa kusema kwamba chakula wakati wa ugonjwa ni «sosiali», kitu cha kumwachia kanisa na mke wa gavana mbele ya kamera. Ni sehemu ya matibabu, na kinapaswa kuwa na mstari wake katika budjeti kama chanjo ilivyo nao.

Ni pesa ngapi? Tufanye hesabu pamoja, si ngumu. Mtu mmoja kwa siku: gramu 400 za unga, gramu 80 za maharagi, gramu 30 za mafuta, gramu 5 za chumvi. Hapo anafika karibu kalori 2,000, chini kidogo ya 2,100 ambazo mashirika ya msaada huzihesabu kama kipimo. Si karamu, hakuna sukari wala samaki. Chukua nyumba ya watu 6 kwa siku 21. Sita mara 21 ni 126. Unga: kilo 50 na kidogo, ni kusema mifuko miwili ya kilo 25. Maharagi: kilo 10. Mafuta: karibu kilo 4. Chumvi: gramu 630. Sasa weka nyumba 1,000, ambazo mu komini kubwa ya Lubumbashi ni kartie moja tu, tena si nzima: tani 50 za unga, tani 10 za maharagi, tani karibu 4 za mafuta. Ni lori mbili zilizojaa vizuri, ao tatu kama barabara ni ya mvua. Bei sitaiandika, juu nikiandika leo kesho itakuwa uongo. Wewe chukua bei ya mfuko wa kilo 25 ku soko lenu asubuhi hii, zidisha mara 2,000, na utapata pesa ya unga peke yake. Ongeza lori, mafuta ya lori, depo, walinzi, watu wa kupanga mistari. Ukimaliza, linganisha na budjeti ya komini yenu. Wenye kufanya kazi mu komini watacheka tena, lakini safari hii kwa uchungu.

Sasa tuingie mu pesa yenyewe.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, artikle 175, inasema provinsi zinapata 40% ya mapato ya kitaifa, na tena inasema sehemu hiyo inakatwa palepale chanzoni. Ni kusema, pesa ya Haut-Katanga ingebaki Haut-Katanga kabla ya kupanda Kinshasa. Halafu sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya zile tunaita ETD, yaani mji, komini, sekta na sheferi, inazipa 40% ya ile sehemu ya provinsi. Fanya hesabu ya franga 100: Kinshasa inabaki na 60, provinsi zote zinapata 40, katika 40 hizo, ETD zinachukua 16, provinsi zinabaki na 24. Franga 16 kati ya 100 kwa miji, komini, sekta na sheferi zote za nchi, zikigawanywa kulingana na uwezo wa kuzalisha, ukubwa wa eneo na idadi ya watu. Ni kidogo, lakini kama zingekuja kwa wakati, bado mtu angeweza kupanga.

Hazijii hivyo. Mahali pa kukatwa chanzoni, pesa inapanda yote Kinshasa, kisha inarudishwa kipande. Njo maana watu wote wanasema «retrosesio», neno ambalo katika artikle ile haliko. Tangu Katiba itiwe saini, provinsi hazijapata 40% kamili hata mwaka mmoja. Kinachoshuka, sehemu kubwa ni mishahara. Kile kinachobaki kwa kazi na kwa mambo ya ghafla kinafika kwa kuchelewa, na miezi mingine hakifiki. Na kile cha komini kinapaswa kupita kwanza mkononi mwa provinsi ambayo yenyewe ina njaa. Hapo mnajua wenyewe.

Basi komini inaishi na nini? Na takse zake ndogo ndogo: meza za soko, parkingi, karatasi za shefu, mabango. Hapa kuna mtego ambao mimi niliuelewa kwa kuchelewa. Ugonjwa ukija, kitu cha kwanza kinachofungwa ni soko, baa, parkingi. Ni kusema komini inafunga sanduku lake lenyewe siku ile ile wakaaji wake wanaanza kuomba chakula. Kodi ya soko haingii, na mama wa makala hauzishi. Umasikini wa komini na wa mama yule vinaanza saa moja. Kinshasa angalau inaweza kukopa, inaweza kuomba msaada wa nje. Burgumestre hawezi kumpigia simu mkopeshaji yeyote wa dunia.

Watu wa Lualaba na Haut-Katanga watasema: ngoja, sisi tuna migodi. Ni kweli, tena hapa njo mahali penye utamu na uchungu pamoja. Tangu Kodi mpya ya migodi ya tarehe 9 Machi 2018, ile pesa ya redevansi inagawanywa hivi: 50% serikali ya katikati, 25% provinsi, 15% ETD ambamo mgodi unachimbwa, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Na sehemu ya ETD inalipwa moja kwa moja ku akaunti ya ETD, haipandi Kinshasa kwanza. Kampuni ikiuzisha shaba ya dolari milioni moja, redevansi ya 3.5% ni dolari 35,000. Komini ao sekta inapata 5,250. Kama ni kobalti, ambayo iliwekwa mu vitu vya stratejiki na kulipishwa 10%, redevansi ni 100,000 na ETD inapata 15,000. Na makampuni yetu hayauzishi ya milioni moja, yanauzisha ya mamia ya mamilioni. Kuna sekta za vijijini huku kwetu ambazo zimepata pesa kushinda miji mikubwa ya provinsi zingine.

Uchungu: sheria hiyo hiyo imezifunga pesa hizo kwa kazi za miundombinu ya msingi yenye faida kwa jamii. Barabara, shule, maji, hospitali. Mwenye kuandika sheria hakuwa mjinga; alijua kwamba pesa isiyofungwa itaishia mu misheni na mu magari. Lakini matokeo yake ni kwamba komini inaweza kuwa na dolari laki mbili ku benki, watu wake wamefungwa nyumbani, na burgumestre akinunua unga anaweza kuulizwa na wakaguzi kwa nini amepotosha pesa za barabara. Wengine walinunua, wengine waliogopa. Mimi ninafikiri kuna njia katikati, na nitairudia chini.

Kuna mfuko mwingine ambao wanafunzi wanaupenda kutaja mu mitihani: Kesi ya Perekwasio, artikle 181, 10% ya mapato yote ya kitaifa ya kila mwaka kwa kusaidiana kati ya provinsi. Msiupoteze muda. Hata ungejazwa wote, Katiba inaupa kazi ya miradi ya investisema. Meka ya unga haiko investisema.

Tuseme sasa pesa iko, ku akaunti, haijafungwa na chochote. Bado kuna njia ya kuitoa. Matumizi ya Leta yanapita hatua nne: angajema, likidasio, ordonansema, malipo. Mmoja anaahidi kwa saini kwamba pesa itatumika, mwingine anathibitisha kwamba deni ni la kweli na ni kiasi hiki, wa tatu anaamuru ilipwe, wa nne anatoa pesa. Kila hatua ina mtu wake, muhuri wake na siku ambayo mtu huyo hayupo. Juu ya hapo kuna sheria ya tarehe 27 Aprili 2010 ya kandarasi za Leta, ambayo inataka wafanyabiashara washindane. Sheria hiyo inaruhusu mapatano ya moja kwa moja, «gre a gre», wakati wa haraka ya kweli. Na kwa desturi kuna ile watu wanaita malipo ya urjansi: unalipa kwanza, makaratasi yanafuata. Wengine yanawafuata mpaka mbele ya mahakama.

Kwa hiyo kiongozi mwaminifu ana njia mbili, zote mbaya. Akifuata hatua nne na mashindano ya bei, siku 21 za kontakti zitakwisha kabla lori la kwanza halijapakiwa. Akilipa kwa haraka, analipa bei ya siku ya hofu, kwa mfanyabiashara aliye karibu, bila karatasi, na kila mtu atasema amekula. Pengine kweli amekula. Wakati wa Ebola watu wa Beni na Butembo walikuwa na jina la hiyo: biznesi ya Ebola. Tarehe 23 Machi 2020, siku ile ile sisi tulikuwa tumefungwa Lubumbashi, mahakama ya Cour de cassation ilimhukumu waziri wa zamani wa afya, Oly Ilunga, miaka mitano kwa kutumia vibaya pesa za Ebola. Yeye alikana mpaka mwisho. Mnaona kwa nini mtu wa kawaida akisikia «mfuko wa msaada» anakunja uso. Mwezi uliofuata ukaundwa mfuko wa kitaifa wa mshikamano juu ya korona, nao ukakaa Kinshasa.

Na pesa za nje? Wakati wa Ebola zilikuwa nyingi, lakini sehemu kubwa ilipita kwa OMS, UNICEF, PAM na mashirika mengine, si kwa akaunti ya mji wa Beni. Wafadhili wana sababu zao, nimezitaja sasa hivi. Lakini kuna bei yake. Siku ugonjwa unakwisha, magari meupe yanaondoka na ujuzi unaondoka nayo: nani anajua kupanga orodha, kupima ration, kumlipa mwenye lori. Mji unabaki na kile ulichokuwa nacho mbele, ni kusema kayé.

Tuseme basi kuhusu kayé, juu hiyo ni mambo ya watu kushinda pesa. Orodha ya kontakti inafanywa na timu ya afya, na ina mipaka: fulani alimgusa fulani. Orodha ya masikini mu mji uliofungwa haina mipaka. Nani anaondolewa? Shefu wa kartie anajua nyumba zote, hiyo ni nguvu yake; tena anajua shemeji zake, hiyo ni shida yake. Kule ambako kontakti peke yao walipewa chakula, jirani mwenye njaa ile ile alikuwa anaona mfuko unapita mbele ya mlango wake. Ukimpa mwenye Ebola tu, wengine wanaanza kusema ugonjwa unalipa. Ukimpa kila mtu, lori mbili zinakuwa ishirini. Mimi ninapendelea kutoa kwa mtaa mzima uliofungwa, hata kama ration ni nusu, kuliko kuchagua mlango kwa mlango. Najua wenye hesabu hawatakubali. Mtu mwingine atasema: tumeni pesa ku simu, M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, yote yako. Inafaa pale soko liko wazi na unga uko. Pale soko limefungwa, ama unga unangojea Kasumbalesa, unamtumia mtu pesa ya kununua bei iliyopanda, na inapanda zaidi.

Nirudi ku ile njia ya katikati. Kitu cha kwanza ni mstari wenye jina lake katika budjeti ya komini na ya provinsi, wa chakula cha dharura ya afya, unaojazwa kwa takse za komini wakati masoko yako wazi, hata 2% tu, mahali pa kungojea yafungwe. Pili, kandarasi zinazosainiwa mwezi wa 5 ama wa 6, wakati mahindi mapya yako na bei iko chini, na wafanyabiashara wawili watatu: mji ukifungwa, utatuletea tani hizi kwa bei hii ndani ya masaa 72. Mashindano ya bei yanafanywa wakati wa amani, na siku ya hofu kinachobaki ni kupiga simu. Tatu, na hapa njo pesa za migodi zinaweza kuingia bila kuvunja sheria: depo. Depo ya kuhifadhi nafaka ni jengo, ni muundombinu, ni ya faida kwa jamii, sawasawa na shule. Bomba la maji safi pia, na mu provinsi zetu ambamo kolera inarudi mara kwa mara, bomba linapunguza siku za kufunga mitaa. Unga wa ndani ya depo utalipwa na mstari ule mwingine. Mjurista mmoja niliyemuuliza alisema hoja hii inasimama. Mwingine alisema itategemea mkaguzi ameamkaje.

Nani wa kuwekesha mstari huo? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa: hakuna mtu. Burgumestre waliteuliwa, na baraza za komini zilikuwa mu karatasi tu. Tarehe 20 Desemba 2023 kwa mara ya kwanza tulichagua madiwani wa komini, ingawa si kila mahali. Wengine kati yao mlisoma nao auditwari moja, msijifanye hamuwajui. Baraza hilo njo linajadili budjeti ya komini. Nord-Kivu na Ituri ni mambo mengine: tangu tarehe 6 Mei 2021 ziliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, gavana akawa mwanajeshi na bunge la provinsi likasimamishwa. Ni provinsi hizo hizo zilizoona Ebola ya 10, na huko swali la nani anapiga kura juu ya mstari wa chakula halina hata mtu wa kuulizwa.

Kayé ya mtaa wetu niliiuliza mwaka jana. Shefu yule alikwisha kubadilishwa. Anasema ilibaki kwake nyumbani, hakuna aliyeidai, na mwaka uliofuata mtoto wake aliimalizia kwa hesabu za shule, kuanzia ukurasa ulipoishia majina.

Mwenye nakala ya budjeti ya komini yake, hata ya miaka mitatu nyuma, hata picha ya simu, aitume mu grupe. Jumamosi saa kumi tutakaa nayo, tutafute mstari baada ya mstari kama kuna neno «chakula».